Antoinette Zihindula na Mlango wa Kreni

Wasikilizaji wapendwa, ni saa nane ya mchana, Jumapili. Wali umeshaliwa, nsima imeshaliwa, wenye kulala wamelala, na wenye masikio wako nasi. Mimi ni Igiraneza, na leo nimekuja na habari ya mtu mmoja tu.

Leo tunamkumbuka Antoinette Zihindula. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Antoinette Zihindula, mzaliwa wa Bukavu, mwalimu, mkalimani wa kanisa hapa kambini Dzaleka, mama wa Rosette mshonaji. Alifariki mwezi uliopita akiwa na miaka sitini na nne. Na ili tumkumbuke vizuri, itabidi tuzungumze habari za kreni za bandarini.

Nawaona mnatazamana. Kreni? Bandari? Malawi haina bahari, na huku kambini hata maji ya bomba tunayapangia foleni. Igiraneza amekunywa nini mchana huu? Kuweni na subira, ndugu zangu. Mafuta unayokaangia mandazi, mtumba unaouza pale sokoni, kitambaa anachoshona Rosette, vyote vilipita bandarini ndani ya kontena kabla ya kupandishwa lori na kuletwa huku. Bandari iko mbali, lakini tunakula kutoka mkononi mwake.

Tuanze Bukavu. Antoinette alizaliwa mtaa wa Kadutu, kwenye nyumba ya mbao iliyokuwa na watu kumi na mmoja na miwani moja. Miwani ilikuwa ya baba. Antoinette ndiye aliyekuwa na macho mazuri, na alijua kusoma mapema, basi mtaa mzima ukamfanya msomaji wao. Barua ikija, anaitwa Antoinette. Karatasi ya shule ikija, anaitwa Antoinette.

Siku moja, akiwa na miaka kumi, jirani alimpa chupa ya dawa amsomee. Antoinette akasoma mstari wa kwanza: vijiko viwili, asubuhi na jioni. Jirani akachota kijiko, akameza, akachota cha pili, akameza. Antoinette akasoma mstari wa pili: ya kupaka, si ya kunywa. Yule mama aliharisha siku mbili, akapona, na alimcheka Antoinette mpaka uzeeni. Lakini Antoinette hakucheka. Rosette anasema tabia ya mama yake ilianzia pale. Mimi sijui. Tabia za watu zina mizizi mingi.

Tabia yenyewe ni hii. Akikusomea kitu, akikutafsiria kitu, hakuachii uondoke. Anakutazama usoni na kukuuliza: "Rudia. Umesikia nini?" Ukirudia vizuri, unakwenda. Ukirudia vibaya, mnaanza upya. Hakujali wewe ni nani.

Alifundisha Kifaransa Bukavu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mume wake, Christian, alifia huko huko, na vita vilipozidi, Antoinette akamshika Rosette mkono wakatoka. Walifika Dzaleka mwaka wa elfu mbili na kumi. Watu waliokuwa nao njiani wanakumbuka kwamba wengine walibeba sufuria tatu na godoro. Antoinette alibeba sufuria moja na kamusi mbili.

Kanisani mlimwona wenyewe. Mchungaji anahubiri Kifaransa, Antoinette yuko pembeni yake anageuza kwa Kiswahili. Katikati ya mahubiri anasimama, anamgeukia bibi yetu Bora anayekaa benchi la mbele: "Bora, umesikia nini?" Bora anarudia. Akikosea, Antoinette anamrudishia, na mchungaji anasubiri na Biblia yake mkononi. Kuna mchungaji mmoja mgeni kutoka Lilongwe alidhani ni yeye anayefanyiwa mtihani. Alitoka jasho, na mahubiri yake siku ile yalikuwa mafupi. Wengine tulimshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa sikilizeni kreni zilivyoingia kwenye maisha yake.

Kule Nsungwi, Lilongwe, anaishi dada mmoja anayeitwa Régine. Régine alikuwa mwanafunzi wa Antoinette Bukavu. Ameolewa na Mmalawi, ana vitambulisho vyake, na anafanya kazi ya kutafsiri kwa kompyuta. Wakala wa mbali humtumia maandishi, anatafsiri, anayarudisha. Kazi ikizidi, alikuwa anamletea Mwalimu wake huku kambini, na kompyuta ndogo ya kufanyia, na wanagawana. Miaka minne walifanya hivyo bila neno baya.

Mwaka jana, mwezi wa tano, ikaja kazi kubwa. Bandari moja ya pwani, ambayo leo sitaitaja, ilikuwa inapanuliwa. Gati mpya zinajengwa, kina kinachimbwa ili meli kubwa ziingie, na yadi ya makontena inaongezwa mara mbili. Kwa ajili ya yadi hiyo walinunua kreni mpya. Na mafundi walioajiriwa ni watu wa Kiswahili, basi kitabu cha kreni, kilichoandikwa Kifaransa, kikatakiwa kwa Kiswahili.

Nieleze kreni hiyo kama Antoinette alivyonieleza mimi, akiwa amekaa kwenye kiti cha Rosette na miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Kreni ya yadi ni fremu kubwa ya chuma yenye magurudumu ya mpira. Inapita juu ya safu za makontena, inanyanyua moja, inalipanga juu ya jingine. Zile za zamani zinanguruma kwa dizeli mchana kutwa. Hizi mpya zina nguvu mbili: injini ndogo ya dizeli, na betri kubwa. Kontena likishushwa, uzito wake unarudisha umeme kwenye betri. Betri ikijaa, injini inajizima. Betri ikipungua, injini inajiwasha, bila kumwomba mtu ruhusa.

Ezechiel, mwendesha kabaza ambaye wengi mnamjua, yule wa Fizi mwenye baiskeli ya abiria yenye kiti chekundu, alikuwepo. Akasema, "Hiyo naielewa. Ni kama kabaza kwa mteremuko. Miguu inapumuzika na bado unaenda."

Antoinette akamwambia, "Vizuri. Na abiria wako akidhani umesimama, atashuka, na utamuvunja muguu."

Hapo ndipo palipokuwa na hatari, wasikilizaji wapendwa. Shikeni hili, maana habari yote iko hapa. Kreni ya zamani ikinyamaza, imezimika. Kreni hii mpya ikinyamaza, bado iko macho. Hata fundi akizungusha ufunguo akakata betri, ndani ya kabati la umeme mna vyombo vinavyobaki na umeme wa kuua kwa dakika kumi na tano. Dakika kumi na tano. Mtu akiingiza mkono kabla ya hapo, hatautoa mwenyewe.

Antoinette hakupenda kutafsiri kitu ambacho hajakiona. Aliomba ruhusa ya kutoka kambini siku moja, akapewa karatasi, akaenda Lilongwe mpaka Kanengo, kwenye yadi ya makontena. Kreni ya aina ile haikuwepo. Ilikuwepo mashine ya dizeli yenye mkono mrefu unaobeba kontena. Mlinzi alimruhusu asimame nje ya uzio. Akasimama pale saa mbili nzima na kamusi kwapani, na mlinzi akamletea kibao cha kukalia.

Dereva wa mashine alipokuja kula, Antoinette alimuuliza kwa Kichewa chake cha kuungaunga: unajuaje kwamba mashine imezimika? Dereva akamshangaa. "Ikangokhala chete, Amayi, ndiye kuti yazima." Ikinyamaza tu, mama, basi imezimika. Antoinette akamshukuru kwa zikomo, akaliandika jibu hilo kwenye daftari, akalipigia mstari chini mara mbili.

Alimaliza kutafsiri kwa wiki tano. Kiswahili cha Bukavu alikiacha jikoni; kile cha kwenye karatasi kilivaa viatu. Kila neno alilitafutia kamusi. Kurasa mia moja na arobaini. Halafu, Jumamosi moja kabla ya kazi kurudishwa, akafanya jambo ambalo hakuna mtafsiri mwingine ninayemjua angelifanya.

Alichukua kabati la nguo la Rosette, lile la mbao lenye mlango mmoja, akalitoa uani. Akafunga ndani yake waya mwekundu wa kuanikia nguo, akaufunika kwa beseni la plastiki. Akamwita Orpa wa kwaya awe msomaji. Akamwita Ezechiel awe fundi. Akamwita Bora akae awatazame. Akamwambia Orpa asome ukurasa wa tisini na mbili kwa sauti, na Ezechiel afanye anachosikia.

Kwa nini msomaji mmoja na mtendaji mwingine? Kwa sababu hivyo ndivyo tunavyoishi. Wangapi kati yenu mlijaza fomu zenu peke yenu? Mmoja anasoma, wengine wanajaza. Mmoja anasoma tangazo la mgao, wengine wanapanga mstari. Antoinette alijua kwamba hata kule yadini, fundi ana glavu za mafuta mikononi. Hawezi kushika kitabu. Mmoja atasoma, wengine watafanya.

Orpa akasoma. "Hatua ya kwanza: zungusha ufunguo ukate betri." Ezechiel akazungusha ufunguo wa baiskeli hewani. "Hatua ya pili: fungua mlango wa kabati." Akafungua. "Hatua ya tatu: ondoa kifuniko cha plastiki." Akaondoa beseni. "Hatua ya nne: shika waya mwekundu, uuchomoe." Ezechiel akaushika. Orpa akaendelea kusoma. "Onyo: baada ya kukata betri, subiri dakika kumi na tano kabla ya kufungua mlango. Umeme uliobaki unaweza kuua."

Uani watu wakacheka. Bora akapiga makofi. "Ezechiel amekufa!"

"Marehemu eko anacheka," Orpa akasema.

Antoinette hakucheka. "Rudieni," akasema. Wakarudia, safari hii msomaji akiwa Rosette. Ezechiel akashika waya, kisha likaja onyo. Wakarudia tena, Bora mwenyewe akasoma polepole kwa kidole. Hata Ezechiel ambaye sasa alijua mtego ulipo, mkono wake ulifika kabla ya onyo, maana mkono ulikuwa unafuata sauti.

"Mi nimekufa mara tatu leo," Ezechiel akalalamika, "na hata chai sijapewa."

Alipewa chai. Antoinette alikaa mbele ya lile kabati la nguo, akatazama ndani. Kosa halikuwa la Kiswahili chake. Alifungua maandishi ya asili, na huko nako onyo lilikuwa limekaa mwisho, chini ya hatua ya nne, ndani ya kisanduku cha manjano. Waliotengeneza mashine walidhani fundi atakaa ofisini, atasoma ukurasa mzima kimya kimya, kisha atainuka. Nani anasoma hivyo?

Basi akachukua kalamu, akaliondoa onyo mwisho, akaliweka mbele kabisa, juu ya hatua zote. Akaongeza maneno yake mawili matatu: "Kreni ikinyamaza haijalala. Msiguse mlango. Ngojeni dakika kumi na tano." Wakajaribu tena. Ezechiel alizungusha ufunguo, akakaa kwenye jiwe, akangoja, akanywa chai ya pili, na hakufa.

Siku ya pili Régine akaja kuchukua kazi. Alikuta kurasa zote ziko tayari, akafurahi, mpaka alipofika ukurasa wa tisini na mbili. Rosette alikuwa kwenye mashine yake ya kushona, na yote aliyasikia. Nitawasomea kama alivyoniambia, kwa Kiswahili chao cha Bukavu.

"Madame, hapa ulibadilisha mupango."

"Njiyo. Nilibadilisha."

"Madame, hatuna haki. Kwa wakala banachunguza na mashine. Namba moja kwa namba moja. Kama hailingane, banarudisha yote. Sisi si ba-ingénieur. Batu banatupatia karatasi, sisi tunageuza karatasi, njo kazi."

"Batu benye kuandika hii banasoma mutu peke yake, kwa bureau, na kahawa kwa meza. Huku iko mutu moja anasoma, bengine banafanya. Nilijaribu. Ezechiel alikufa mara tatu."

"Ezechiel eko pale anakula mandazi!"

"Kule yadi, hatakuwa Ezechiel."

Régine akakaa. Akasema polepole, kwa heshima, kwamba kazi ile ndiyo inayowalisha watoto wake wanne, na kwamba wakala akikasirika, hapati nyingine. Hakuwa anatia chumvi. Mume wake alikuwa hana kazi mwaka wa pili. Mimi sitamhukumu Régine kutoka kwenye kiti hiki, na nawaomba nanyi msimhukumu.

Antoinette akamjibu neno ambalo Rosette hajalisahau. "Nikituma ile ya kwanza, Régine, mutu atakufa kwa Kiswahili yangu. Atakuwa anasikia sauti yangu na mukono iko ndani ya mulango. Mi siwezi."

Alimpa kidude cha kuhifadhia maandishi chenye nakala zote mbili, ile ya kufuata asili na ile aliyoigeuza. Akamwambia achague. Régine akaondoka bila kumaliza chai yake. Hakusema atatuma ipi.

Kuanzia siku hiyo Régine hakupokea simu. Hakuja mwezi wa saba, hakuja wa nane. Salamu za Antoinette zilitumwa Nsungwi kwa midomo ya watu wanne, hazikurudi. Na Antoinette akafikiria lile ambalo mtu yeyote angefikiria: ametuma ya kwanza, na anaona haya kuniambia.

Wasikilizaji wapendwa, sisi tulimwona amenyamaza, tukasema ni umri. Haikuwa umri. Kwa miezi minane mama yule alibeba maiti ya mtu ambaye hata hakujua kama amekufa. Kila taarifa ya habari ya mchana alikuwa hapo kwa Rosette, sikio kwenye redio. Ikitajwa bandari yoyote, anainua mkono watu wanyamaze. Aliwahi kunisimamisha njiani, mimi mtangazaji, akaniuliza kama taarifa za ajali za mafundi huwa zinasomwa au zinaachwa. Nilimwambia nyingi huachwa. Ningejua, ningemjibu vingine, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kanisani aliacha kutafsiri. Mchungaji alipomuuliza, alisema, "Sijui kinywa changu kimefanya nini. Wacha kipumzike." Orpa akashika nafasi yake, akatafsiri haraka haraka, na tukawa tunatoka mapema. Hakuna aliyeulizwa amesikia nini.

Mwezi wa pili mwaka huu moyo wake ulianza kumsumbua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Alipelekwa hospitali ya Likuni, akalazwa. Rosette alikaa naye, anashona vifungo kwa mkono kando ya kitanda ili wateja wake wasimkimbie. Siku ya tisa, mchana, mlangoni pa wodi akatokea Régine.

Rosette anasema alitaka kumfukuza. Régine alisimama miguuni mwa kitanda, mkoba kifuani, akasema, "Madame, nilituma yako."



Régine akayasema yote kwa pamoja. Usiku ule ule wa Jumapili aliandika barua ndefu kwa wakala, akaeleza Mwalimu wake na kabati la nguo, akaeleza Ezechiel na vifo vyake vitatu, akatuma nakala iliyogeuzwa. Wakala akairudisha. Akaituma tena, ile ile. Wakala akamwandikia kwamba hawamhitaji tena. Alikosa kazi ile, na nyingine zote zilizokuwa zinafuata. Alikwenda kuuza nyanya sokoni Kauma. "Nilikukasirikia, Madame," akasema. "Nilikukasirikia sana, juu nilijua uko na haki. Kama ningekuwa najua umekosea, ningekuja kukusalimia."

Hapo tukae kidogo, ndugu zangu. Wangapi tunawakwepa watu waliotukosea, na wangapi tunawakwepa kwa sababu walikuwa na haki? Mimi nina wawili.

Halafu Régine akatoa simu. Alikuwa amepokea ujumbe wa sauti siku mbili kabla. Ilitoka kwa mtu asiyemjua, fundi mkuu wa kreni katika ile bandari ya pwani. Jina lake ni Shekue. Nimepewa ruhusa na familia kuwasomea maneno yake. Sauti yenyewe haisikiki vizuri, bandarini kuna kelele.

"Shikamoo mama. Naitwa Shekue. Namba yako nimeitafuta miezi mitatu. Barua yako kuhusu yule bwana aliyekufa mara tatu, pamoja na ule ukurasa, ilifika kwetu, mtu mmoja kule kwa wakala aliona aitume tu. Tulicheka. Kisha tukasema hebu tujaribu, kreni ikiwa imekatwa umeme kabisa. Mama, mimi mwenyewe nilikufa. Mbele ya wanafunzi wangu. Tukaweka karatasi yako, na za lugha nyingine nazo tukaamuru zigeuzwe. Sasa wiki iliyopita tulikuwa na kreni namba sita. Imenyamaza. Msomaji anasoma. Mwenzangu mmoja, mkongwe, miaka ishirini na miwili kwenye kreni za dizeli, alikuwa ameshavua glavu. Msomaji akasoma: kreni ikinyamaza haijalala, msiguse mlango. Akarudi nyuma. Tukangoja. Dakika ya sita kipimo cha mlangoni kinaonyesha umeme bado umejaa. Yule mzee alikaa chini. Anaitwa babu na wajukuu watano. Basi nimesema nikushukuru. Na mafundi wanauliza, mama, huyo mwalimu wako alifanyia kazi bandari gani?"

Sauti ikaisha. Wodi nzima ilikuwa inasikiliza, hata wasiojua Kiswahili.

Mnadhani Antoinette alilia? Hakulia. Alimwelekezea Régine kidole, kile kile cha darasani Bukavu. "Rudia," akasema. "Umesikia nini?"

Na Régine, mama wa watoto wanne, akasimama wima kama mwanafunzi akarudia. Alisema kreni namba sita. Alisema yule mzee alitaka kugusa mlango.

"Hapana," Antoinette akamkata. "Hakusema alitaka kugusa. Alisema alikuwa amevua glavu. Usiongeze."

"Alikuwa amevua glavu," Régine akasema, na hapo ndipo Régine alipolia.

"Dakika ngapi?"

"Dakika ya sita, Madame. Umeme bado umejaa."

"Na mzee?"

"Alirudi nyuma. Eko. Eko na bajukuu batano."

Antoinette akalaza kichwa kwenye mto. Rosette anasema uso wa mama yake ulifunguka, ule uso wa zamani ambao hakuwa ameuona tangu Jumamosi ya kabati la nguo. Akaomba chai. Halafu Régine akamkumbusha kwamba mafundi wanangoja jibu: alifanyia kazi bandari gani?

Antoinette, ambaye hakuwahi kuona bahari kwa macho yake, akacheka mpaka pumzi ikamwishia, wakamwinua akae. Alipoweza kusema, akasema, "Mwambie Dzaleka."

Régine akatuma jibu hilo hilo, bila kuongeza.

Antoinette Zihindula alifariki siku nne baadaye, Jumanne asubuhi, Rosette na Régine wakiwa kando yake. Alizikwa hapa Dzaleka. Ezechiel alibeba kamusi mbili kwenye kiti chekundu cha kabaza, nyuma ya jeneza, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Orpa ndiye aliyetafsiri mahubiri ya mazishi. Alianza haraka, kama kawaida yake. Katikati akasimama.  Akamgeukia bibi Bora kwenye benchi la mbele, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Bora, umesikia nini?" Na mchungaji akasubiri.

Familia imesema kazi ndogo ndogo za kutafsiri, bila wakala, sasa zinafanywa na Régine na Rosette pamoja. Rosette anashona asubuhi na kusoma jioni. Lile kabati liko uani, halijarudishwa ndani. Nguo ziko kwenye sanduku.

Rosette, pole sana, dada yetu. Pole Régine. Poleni familia yote ya Zihindula, mlioko hapa, mlioko Bukavu, mlioko nchi za mbali. Poleni Orpa na kwaya. Pole Ezechiel, marehemu wetu wa mara tatu. Na kwa mafundi wa bandari ile, ambao pengine hamtatusikia kamwe, poleni nanyi, mmefiwa.

Wasikilizaji wapendwa, kesho asubuhi mmoja wenu atamsomea jirani karatasi ya dawa. Mwingine atasoma tangazo mbele ya mstari mrefu. Mwingine atamsomea bibi ujumbe wa simu. Kabla hujafungua kinywa, angalia mkono wa unayemsomea uko wapi. Kama kuna onyo, anza nalo. Na ukimaliza, usiondoke bado.

Leo tumemkumbuka Antoinette Zihindula, mzaliwa wa Bukavu, mkalimani wa Dzaleka. Sitawaaga bado. Nimefungua laini ya simu ya kituo, namba mnayo, nami nimekaa hapa nangoja. Yeyote kati yenu, apige, arudie aliyosikia.

Mmesikia nini?